Je, Buswelu inaweza kushindana na mjini kati kwa utamaduni wa mji?

Mhamiaji wa Buswelu (mleta mada)

Wanajukwaa, habari za jioni. Naomba tujadili kwa utulivu jambo ambalo limekuwa likinigombanisha na kaka yangu karibu kila Jumapili tunapokutana kwa chakula cha mchana.

Kwa faida ya walio nje ya Mwanza, Buswelu ndiko yaliko makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, manispaa ambayo ilianza mwaka 2012 baada ya eneo la Jiji la Mwanza kugawanywa. Nilipohamia huku miaka sita iliyopita, majirani zangu walikuwa mbuzi wa mzee mmoja na shamba la mihogo, na rafiki zangu walinicheka kwamba nimekwenda kujenga porini. Leo mtaa wangu una lami mlangoni, migahawa yenye bustani na taa za kamba, mahali pawili panapouza kahawa ya mashine, ukumbi wa mazoezi ya viungo, na kila Ijumaa usiku kuna mtu anayepiga gitaa. Vijana wanapanda kutoka Nyamagana, upande wa mjini kati, kuja kupiga picha huku. Wanangu wawili, ambao zamani walinisumbua niwapeleke mjini, sasa wanaona safari ya mjini kama adhabu ya foleni na vumbi.

Kaka yangu anaishi Mabatini, kwenye mlima wa mawe, na hoja yake ni hii: Buswelu ni sebule, na mji ni uani. Sebuleni huingia aliyekaribishwa, akavua viatu, akakaa palipopangwa. Uani hupita kila mtu, na mambo yote ya nyumba hutokea huko. Mimi humjibu kwamba hata mjini kati palianza kama pori, na kwamba utamaduni unawafuata watu, na watu wanahamia huku.

Swali langu ni je, kitongoji kipya chenye fedha na mvuto kinaweza kweli kuwa na utamaduni wake wa mji unaolingana na ule wa mjini, au kitabaki siku zote kikiazima? Naomba hoja, si majigambo ya mitaa.

Mchuuzi wa Mlango Mmoja

Ndugu mleta mada, hongera kwa nyumba. Hata hivyo, mimi nipo upande wa kaka yako, na nitaeleza kwa nini kwa kutumia kile ninachokiona kila siku kwenye meza yangu ya mitumba.

Belo likifunguliwa asubuhi pale sokoni Mlango Mmoja, wanaoinama juu yake hawajuani na hawakualikana. Yupo mama wa Kikerewe aliyeshuka bandarini akiwa na mzigo wa kurudisha kisiwani kabla ya jua kuzama, yupo kijana aliyevuka kwa kivuko cha Kamanga kutoka Sengerema, yupo Mhaya aliyeingia na meli kutoka Bukoba akiwa na ndoo ya senene, na yupo karani wa ofisi aliyetoroka kazini kwa nusu saa kutafuta shati. Wanagombania nguo moja, wanataniana kwa makabila yao, wanafundishana maneno. Neno jipya likizaliwa pale asubuhi, jioni makondakta wa daladala wanalipiga kelele Igoma, na wiki inayofuata watoto wako wanalitumia huko Buswelu wakidhani limetoka kwenye simu.

Jambo hili halikupangwa na mtu, lakini lina sababu. Reli kutoka Tabora ilifika hapa mwaka 1928, na stesheni ikawekwa kwa miguu tu kutoka bandarini. Katikati ya hizo mbili yakaja maduka ya Wahindi, maghala ya pamba, misikiti, mahekalu, makanisa, na masoko. Milima ya mawe ikaubana mji usitawanyike ovyo, na matokeo yake ni kwamba watu wa nchi kavu na watu wa majini wamelazimika kukanyagana katika eneo ambalo unaweza kulizunguka lote kwa miguu kabla chai yako haijapoa. Tazama Makoroboi. Jina lenyewe ni la koroboi, kile kibatari cha bati ambacho bibi zetu walisomea barua, na bado ukienda pale unakuta anayeuza viatu, anayeuza dawa ya panya, na anayehubiri, wote ndani ya hatua kumi.

Mwishoni mwa mwaka 2021, wamachinga walipoondolewa kandokando ya barabara, wateja wangu walewale waliokuwa wakilalamikia msongamano walianza kuniambia kwamba mji umepooza. Nilicheka sana, kwa sababu walikuwa wamepewa kile walichokiomba.

Sasa niambie, huko Buswelu nani anapita? Kila aliyeko huko ama analala huko ama amekwenda makusudi. Mahali ambapo hakuna mpita njia, mimi siwezi kupaita mji, hata pakiwa na kahawa ya mashine pande zote nne.

Mama wa Jiko, Buswelu

Mwenzangu wa Mlango Mmoja amesema vizuri, lakini ameongea kama mtu ambaye hajawahi kukaa huku mwezi mzima. Mimi nina mgahawa Buswelu, mwaka wa nne sasa, na kabla ya hapo nilikuwa mama lishe karibu na stendi, kwa hiyo nimepika pande zote mbili. Niruhusuni nieleze kwa hesabu za jikoni.

Ijumaa na Jumamosi nauza sahani zaidi ya themanini. Jumanne naweza kuuza kumi na moja, na nne kati ya hizo ni za mafundi wanaojenga nyumba ya jirani. Wateja wangu wa mwisho wa wiki wanakuja na magari, wanaagiza sato wa kuchoma, wanapiga picha, wanakula wakiwa wameinamia simu, wanaondoka. Sisemi ni watu wabaya, maana ndio wanaosomesha watoto wangu. Hata hivyo, nilipokuwa stendi nilijua habari za mji kabla redio hazijazitangaza: nilijua nani kafiwa, bei ya dagaa imepanda kwa nini, timu gani imeleta mchezaji mpya. Huku wateja wananiuliza jina langu la mtandaoni ili wanitaje.

Jambo la pili, na hili ndilo linalonifanya nisikubaliane moja kwa moja na mleta mada, ni kwamba karibu kila kitu kinachoitwa cha Buswelu kinapanda mlima kutoka kwingine. Saa kumi na moja alfajiri niko mwaloni Kirumba, mitumbwi ya samaki inakotia nanga, nikichagua samaki, kwa sababu huku hakuna ziwa wala mwalo. Mpishi wangu wa mishikaki anatoka Igogo. Wasichana wanaohudumia wanaishi Nyakato na Igoma, kwani kodi ya chumba huku imewashinda. Na huyo mpiga gitaa wa Ijumaa anayemfurahisha ndugu yetu ni kijana wa Mabatini, mtaa uleule wa kaka yake! Ikifika saa tano usiku daladala zimekwisha, na bodaboda wa kumrudisha anataka elfu tano. Nikimlipa elfu thelathini, anaondoka na ishirini na tano, na hapo bado hajamgawia mwenzake wa ngoma. Miezi miwili iliyopita aliniambia anaacha, si kwa sababu ya malipo tu, bali kwa sababu kikundi chao hakina mahali pa kufanyia mazoezi. Mjini walikuwa wanatumia stoo ya mtu, mwenye stoo akaijaza saruji. Huku kila nyumba ina geti, na jirani akisikia ngoma saa nane mchana anampigia mwenyekiti wa mtaa.

Kwa hiyo nasema hivi: huku tuna walaji wa utamaduni wengi kuliko wapishi wake. Lakini kaka wa Mlango Mmoja asifurahi mapema, kwa sababu ametaja mjini ya mchana tu. Nami nilikuwa stendi, naijua mjini ya usiku. Saa mbili maduka yamefungwa, mabati yameshushwa, wanabaki walinzi na mbwa. Nilikuwa nafunga jiko saa moja na nusu kwa woga wa kurudi nyumbani peke yangu. Huku nafunga saa sita usiku na natembea hadi nyumbani na binti yangu. Kwa mwanamke, hilo nalo ni sehemu ya utamaduni wa mji, nanyi wanaume wawili hamkuligusa.

Mzee wa Kirumba

Mwangaluka, wote mliotangulia. Nimewasoma kwa makini, na nadhani mnagombania mpaka ambao haupo.

Mnasema “mjini” kana kwamba ni mahali pamoja palipoumba kila kitu. Tuanze na mambo madogo. Uwanja wa CCM Kirumba uko Ilemela. Mwalo wa Kirumba anakonunua samaki Mama wa Jiko uko Ilemela. Viwanja vya Furahisha, ambako mikutano mikubwa na matamasha hufanyika, viko Ilemela, na uwanja wa ndege na lile jengo kubwa la maduka la Rock City Mall pia. Kwa Sensa ya mwaka 2022, Nyamagana ilikuwa na watu 594,834 na Ilemela 509,687, kwa hiyo hata kwa kuhesabu vichwa, hiyo mnayoiita pembeni si ndogo kiasi hicho. Pamba Jiji iliporudi Ligi Kuu mwaka 2024, watu wa Mlango Mmoja, Makoroboi na Mabatini waliteremka na jezi zao kuja kwetu Kirumba, nasi hatukuwauliza wametoka halmashauri gani.

Nimeanza na Kirumba kwa sababu nayo ilikuwa Buswelu ya zamani zake, ila maskini zaidi. Wajerumani walianzisha kituo chao hapa mwaka 1892, na katika miongo iliyofuata, chini yao na chini ya Waingereza, mpangilio ulikuwa ule wa miji yote ya kikoloni: wakubwa wakajichagulia penye upepo wa ziwa, wafanyabiashara wa Kiasia wakawekwa katikati, na Mwafrika akasukumwa pembezoni. Nilipokuja nikiwa kijana, mtu wa Kirumba akisema anakwenda mjini alivaa viatu. Hata hivyo, ngoma, vilabu vya pombe, mpira, ugomvi wa mapenzi uliojaa kwenye nyimbo, vyote vilikuwa kwetu, kwa sababu tuliishi wengi katika nyumba moja, chumba kimoja familia moja, uani pamoja. Katikati palikuwa pa duka na ofisi. Hivyo namkumbusha mchuuzi wetu kwamba katikati kuna biashara ya mchana, na hilo ni jambo kubwa, lakini wachezaji na waimbaji wa Mwanza walilala pembezoni. Hata Dar es Salaam ni hivyo: Posta jua likizama kumelala, na wanaotafuta muziki wanakwenda Sinza na Kinondoni.

Na kama mnataka kwenda mbali zaidi, nendeni Bujora, Kisesa, kwenye barabara ya Musoma, nje kabisa ya jiji. Pale yapo Makumbusho ya Wasukuma, ambayo mizizi yake ni kazi ya Padre David Clement aliyeanza kukusanya mila zetu miaka ya 1950, na pale kila mwaka kipindi cha sikukuu ya Ekaristi huchezwa Bulabo, sikukuu yetu ya ngoma. Hakuna kitu ndani ya jiji hili kinachoweza kukusanya wachezaji namna ile. Wasomaji vijana huenda hawajui jinsi Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wacheza ngoma wa Kisukuma, wanavyoshindana. Vikundi viwili haviingii uwanjani kwa zamu. Vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Mmoja akileta nungunungu, mwingine analeta chatu. Mmoja akitupa majembe hewani, mwingine anapanda juu ya nguzo. Hakuna jaji wa kuandika alama. Umati ukihama kutoka upande huu kwenda ule, mambo yamekwisha, na aliyeachwa anajua kashindwa kabla hajaambiwa.

Mimi ningelipima swali la mleta mada kwa njia hiyo. Msitazame migahawa mingapi imefunguliwa, tazameni miguu. Mama wa Jiko ameshatupa jibu: Ijumaa miguu inapanda Buswelu, Jumanne inashuka. Maana yake ni kwamba Buswelu imepata mchezo mmoja wa kuvutia, haijawa na ngoma ya kudumu. Kirumba haikuwahi kuwa na siku ya Jumanne ya namna hiyo, kwa sababu waliocheza na waliotazama waliishi palepale, na aliyekosa fedha alitazama akiwa ameegemea ukuta. Tatizo la huko kwenu, mwanangu, ni kwamba kuta zipo nyingi lakini za kuegemea hakuna, maana juu yake mmeweka waya wa umeme.

Mwanachuo wa Malimbe

Shikamooni wazee wangu. Nitasema kwa ufupi kwa sababu nina mtihani.

Mmesahau upande wetu wa Nyegezi na Malimbe. Chuo chetu cha Mtakatifu Augustino kilianza kama taasisi ya mafunzo ya jamii mwaka 1960 na kikawa chuo kikuu mwaka 1998, na tangu hapo mitaa inayokizunguka imejaa watu wa miaka ishirini na kitu kutoka kila mkoa, wasio na fedha lakini wenye muda. Huku mtu anafungua kinyozi, jioni kinakuwa kijiwe cha mashairi. Hatuna taa za kamba. Tuna uhakika tu kwamba kila mwaka wataingia wengine wapya, hata kama likizo ya chuo ikifika mtaa unakuwa kama umehamwa na wauza chipsi wanakaa wanatazamana. Nadhani hoja ya Mzee wa Kirumba kuhusu ukuta wa kuegemea ndiyo yenyewe: kitongoji cha wasio na kitu kinaweza kushindana na mji kabla ya kitongoji cha wenye nacho.

Mchuuzi wa Mlango Mmoja

Mzee wangu, nimekuelewa, na suala la Kirumba nimelikubali. Nimekulia Igogo, kwa hiyo siwezi kukana kwamba muziki ulikuwa mitaani kwetu na si dukani. Ila jambo moja silikubali: Kirumba ilikuwa na mwalo wake. Kila usiku mitumbwi ilileta watu na dagaa kutoka visiwani, kwa hiyo nayo ilikuwa na wapita njia, tena wa majini. Igogo tulikuwa na reli. Nyegezi wana stendi na chuo. Nionyesheni kitongoji kimoja cha jiji hili kilichozaa kitu bila kuwa na mlango ambao wageni wanaingilia. Ikiwa Buswelu nayo itapata mlango wake, mimi nitapanda daladala kuja kukiri makosa mbele ya mgahawa wa Mama wa Jiko, na nitalipia samaki wangu mwenyewe.

Na Mama wa Jiko, kuhusu usiku, umesema kweli na sina la kujitetea. Mimi mwenyewe binti yangu simruhusu kubaki mezani baada ya magharibi.

Mhamiaji wa Buswelu (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Nilimsomea kaka yangu majibu haya kwa simu, akacheka sana nilipofika kwenye waya wa umeme, kwa sababu wa kwangu aliufunga yeye mwenyewe.

Nakiri kwamba niliuliza swali nikiwa nimeshajijibu. Nilikuwa nahesabu vitu vilivyofunguliwa, na sikuwahi kujiuliza kwamba mpishi, mhudumu, na mpiga gitaa wanarudi wapi usiku. Hata hivyo, sikubali kwamba jambo hili limefungwa. Mlango ambao mchuuzi anautaka huenda ukaja bila bandari. Makao makuu ya manispaa yako huku, na kila siku ya kazi watu kutoka kata zote za Ilemela wanapanda kufuatilia hati, leseni na vibali. Wanasubiri juani masaa mengi, wanakula mahindi ya kuchoma, wanashuka. Hao ni wapita njia, ila hatujawawekea hata benchi. Jumanne ya Mama wa Jiko imekaa palepale getini kwa ofisi, na sisi tumeelekeza meza zetu upande wa maegesho ya magari.

Jambo lingine ni la kwangu binafsi. Mbele ya nyumba nilijenga fremu tatu za kupangisha. Mbili zina wapangaji, duka la dawa na wakala wa fedha. Ya tatu, ile ya pembeni, imekaa tupu mwaka na nusu kwa sababu nilikuwa nasubiri mtu wa kufungua mahali pa vinywaji kwa kodi kubwa. Inatazama kiwanja kisichojengwa, na jirani wa nyuma ni mimi mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kumpigia mwenyekiti. Mama wa Jiko, kijana wako wa gitaa na wenzake wanaweza kuitumia mchana kwa mazoezi wakati bado haijapata mpangaji. Geti la upande ule naweza kuliacha wazi.

Mama wa Jiko, Buswelu

Nitamwambia Ijumaa akija, kama bado anakuja. Wako sita, na wana spika mbili kubwa za kukodi. Nijulishe kwanza: hiyo fremu ina luku yake, au inakula umeme wa nyumba yako?